Mrejesho: Tulivyokwenda Japani na watoto wawili na bibi yao, kuanzia viza hadi mizigo ya kurudi

MLETA UZI

Wakuu, salaam. Mwaka jana niliuliza humu kama familia ya kipato cha kati inaweza kwenda Japani likizo ya Desemba bila kuuza kiwanja. Wengi mlinikatisha tamaa, wachache mkanipa mwanga, nami nikaahidi mrejesho. Tumerudi salama. Tulikuwa watano: mimi, mama watoto, binti yetu wa miaka 10, mdogo wake wa miaka 5, na mama yangu mzazi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi kutoka Rombo. Naandika kwa vipande kadiri muda unavyoruhusu. Ulizeni popote.

Kwa nini Japani? Kwa sababu ya gari. Kila asubuhi nikiwasha Noah yetu kuwapeleka watoto shule, kuna sauti ya dada garini inayosema maneno yake ya Kijapani. Binti yangu ameyashika tangu yuko chekechea, anayatamka moja baada ya jingine bila kukosea. Ameniuliza mara nyingi yule dada anasema nini, sina jibu. Hilo nitalifikia mbele.

Tiketi kwanza, maana ndiyo iliyokula zaidi ya nusu ya bajeti yote. Kutoka Dar hakuna ndege ya moja kwa moja. Njia zilizopo ni kupitia Ghuba (Doha au Dubai), Addis Ababa (hiyo inagusa Seoul kabla ya Narita, uwanja wa Tokyo), au Istanbul. Sisi tulipita Dubai: saa tano na nusu hivi hadi pale, kisha karibu saa kumi hadi Narita. Tiketi ya bei nafuu kuliko zote tuliyoiona ilikuwa na saa 17 za kusubiri uwanjani. Ukiwa na mzee mwenye magoti mabovu na mtoto wa miaka 5, usiiguse. Tuliongeza hela tukapata ya saa nne.

Jambo lililotuokolea zaidi ni hili: tuliingilia Narita na kutokea Kansai, uwanja wa upande wa Osaka. Bei ilikuwa karibu sawa na kwenda na kurudi uwanja uleule, na hatukulazimika kurudi Tokyo kwa treni kuifuata ndege. Mkikata tiketi, tafuteni sehemu ya safari za miji mingi.

Wakati: shule zikifunga tu mwanzoni mwa Desemba, tukaondoka. Kyoto bado ilikuwa na majani mekundu ya mwisho wa vuli, na watalii wa mwaka mpya walikuwa hawajafika. Msipange kuwa kule kati ya Desemba 29 na Januari 3, maduka mengi na makumbusho hufungwa na Wajapani wenyewe huwa safarini.

MDAU, NAIROBI

Hongera ndugu. Hebu gusia viza kabla hujaenda mbali. Mimi niliambiwa wanataka ratiba ya kila siku, nikadhani ni utani.

MLETA UZI

Si utani. Kuna fomu ya ratiba, siku kwa siku: utakuwa wapi, utalala hoteli gani, simu ya hoteli. Ongeza taarifa ya benki, barua ya mwajiri, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto ili uhusiano uonekane. Kwa mama yangu nilipeleka cheti changu cha kuzaliwa, kwa kuwa mimi ndiye niliyemgharamia. Tuliomba ubalozini Dar. Muda wa kawaida ni siku tano za kazi kama karatasi zimekamilika. Viza ya kuingia mara moja ina uhai wa miezi mitatu tangu itolewe, kwa hiyo ukiomba mapema mno itakuishia mkononi. Hoteli zote tulizoweka zilikuwa za kughairi bure.

Ratiba ile ndiyo iliyonifungua macho. Mara ya kwanza niliandika miji saba kwa siku 14. Mama watoto akaichukua, akahesabu asubuhi ngapi tungekuwa tunafunga mabegi, akanirudishia. Tukabaki na minne: Tokyo usiku tano, Kyoto nne, Hiroshima mbili, Osaka mbili. Kama kuna neno moja ningependa mlichukue kwenye uzi huu, ni hilo: punguzeni miji. Treni zao zina kasi hadi unadhani umbali haupo, lakini mtoto anachoka vilevile.

Sasa uwanjani. Dada yangu alitufungia sambusa za nyama za njiani, zikabaki kumi kwenye mkoba wa mama. Pale Narita penye mikanda ya mizigo, mbwa mdogo wa ukaguzi mwenye masikio marefu alipita, akarudi, akakaa chini kando ya mkoba wa mama akatulia kimya. Afisa akaja, akainama, akaomba kufungua. Bidhaa za nyama haziingii Japani mikononi mwa abiria, hata zikiwa zimepikwa. Sambusa zikachukuliwa, karatasi ikajazwa, kwa upole kabisa. Mama alisikitika, mimi nikaona aibu kwamba sikuwa nimesoma. Nyama, soseji na matunda mengi mabichi muache nyumbani. Dawa nazo zina masharti. Za mzee za hospitali, za matumizi ya mwezi mmoja, zilipita bila tatizo zikiwa kwenye pakiti zake, ila dawa za mafua zenye pseudoefedrini na za kikohozi zenye kodeini ziangalieni mapema.

MDAU, MOMBASA

Assalaam aleikum. Kaka, twauliza chakula. Twasikia kila kitu kina nguruwe ama pombe. Na watoto wetu hawali samaki mbichi.

MLETA UZI

Waaleikum salaam. Sisi ni Wakristo, sitaki kukudanganya. Kuna mdau yuko Osaka kwa masomo, namwomba aje. Mimi nitasema la watoto: wa kwangu waliishi kwa onigiri, yaani wali ulioshikanishwa kwa umbo la pembetatu na kuzungushiwa mwani mkavu, ndani kuna samaki. Unauzwa katika maduka madogo yaliyoko kila kona, 7-Eleven, Lawson, FamilyMart, kwa yeni 150 hadi 200 hivi. Ule mwani umetengwa na wali kwa plastiki ili usilainike, na pakiti ina namba: 1 unavuta uzi wa katikati, 2 pembe ya kulia, 3 pembe ya kushoto. Mwanangu wa miaka 5 ambaye hajui kusoma alijifunza namba zile siku ya pili, na kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kumfungulia. Mwani unabaki mkavu, ukiuma unasikika.

MDAU, OSAKA

Waaleikum salaam, nipo. Ndugu wa Mombasa, inawezekana kabisa ila uwe na jicho. Rameni, yaani tambi za mchuzi, nyingi mchuzi wake ni wa mifupa ya nguruwe. Hata vyakula vinavyoonekana salama huwa na mirini, ambayo ni kiungo chenye kileo, au sake, pombe ya mchele, kwenye mchuzi. Baadhi ya peremende na pudini zina jelatini, ambayo huweza kuwa ya nguruwe. Tumia kamera ya simu yenye kutafsiri kusoma nyuma ya pakiti. Tokyo, Kyoto na Osaka migahawa ya halali ipo, ya Wajapani, Waturuki, Wapakistani na Waindonesia. Nenda Tokyo Camii, msikiti wa mtindo wa Kituruki uliojengwa upya mwaka 2000, una duka la vyakula halali. Na ukifika Osaka usikose Kobe, ni jirani: msikiti wa kwanza Japani, wa mwaka 1935, ulisimama baada ya mabomu ya 1945 na tetemeko la 1995. Viwanja vya Narita, Haneda na Kansai vina vyumba vya kuswalia.

Halafu jambo la faraja kwa mtu wa pwani: vyoo vyao vina maji. Ya uvuguvugu. Hutatafuta kopo.

MLETA UZI

Asante sana mkuu. Hilo la vyoo, mama yangu amelihadithia Rombo nzima.

Tuje kwenye treni. Wengi humu mlinishauri ninunue pasi ya JR ya siku saba, ile unayolipia mara moja ukapanda treni za JR utakavyo. Zamani ilikuwa sahihi. Oktoba 2023 bei ilipanda kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Tokyo hadi Kyoto kwa shinkansen, treni yao ya kasi, ni kama yeni 14,000 kwa mtu mzima. Nilipojumlisha na Kyoto hadi Hiroshima, kisha Hiroshima hadi Osaka, sikufika 40,000. Tukanunua tiketi mojamoja. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni nusu nauli, na wa chini ya 6 hupanda bure kama hachukui kiti chake. Ndani ya miji tulitumia kadi ya Suica, unagusa getini unapita.

Mabegi makubwa tuliyatuma. Wana huduma ya kupeleka mizigo hoteli kwa hoteli: unaacha begi mapokezi Tokyo asubuhi, kesho yake unalikuta Kyoto, kwa yeni 2,000 na ushei. Ukumbuke pia kwamba kwenye shinkansen ya njia hiyo, begi ambalo urefu, upana na kina chake vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 linahitaji kiti cha nyuma kilichowekwa mapema.

Kaeni upande wa viti vya herufi E mkitoka Tokyo. Baada ya kama dakika 40, siku ikiwa nyeupe, mlima Fuji unatokea kulia. Nilimpa mama dirisha. Alikuwa anasinzia, binti akamgusa bega. Akashika kiti cha mbele, akasimama. Fuji una mita 3,776, Kilimanjaro 5,895, naye amezaliwa miguuni pa Kilimanjaro, kwa hiyo nilidhani hatashangaa. Alitazama mpaka ukapotea nyuma ya majengo, kisha akakaa akasema, "Ni mfupi kwa wetu, ila umekaa peke yake vizuri."

Kisha Kyoto. Siku ya pili tuliingia mgahawa mdogo wa kahawa kukwepa baridi, meza nne tu, na mzee mmoja nyuma ya kaunta akimimina maji ya moto taratibu juu ya chujio la karatasi. Nikaelekeza simu kwenye menyu itafsiri. Mstari wa tatu ukasomeka: Kilimanjaro. Japani kahawa ya arabika kutoka Tanzania huuzwa kwa jina hilo, na inapendwa, tuliiona baadaye hata madukani. Mama amechuma kahawa utotoni, baba yake aliiuza kupitia chama cha ushirika, ada ya shule ilitoka humo. Aliagiza kikombe kimoja, yeni 600. Niliandika kwenye simu kwamba huyu mama ametoka kwenye mlima huo na kahawa ameichuma kwa mikono yake, nikamwonyesha mzee. Alisoma mara mbili. Akaweka birika chini, akafuta mikono, akatoka nyuma ya kaunta akasimama mbele ya mama akainama sana. Mama naye akasimama, wote wawili wameshikana mikono, hakuna anayemwelewa mwenzake. Alituletea kopo la mbegu ambazo hazijakaangwa, mama akazinusa, akachagua moja akampa mjukuu wake aitie mfukoni.

Binti yangu alimwamkia yule mzee "shikamoo". Sikumkataza.

MDAU, ARUSHA

Mkuu umenitoa machozi kazini. Endelea. Na yule dada wa kwenye gari?

MLETA UZI

Nakuja. Teksi Kyoto. Kumbukeni teksi ya kawaida inachukua abiria wanne, kwa hiyo watano tulihitaji mbili. Mama watoto na mdogo wakapanda ya mbele, mimi, mama na binti ya nyuma. Mlango wa nyuma unafunguka wenyewe, dereva ndiye anayeubonyeza, msiuvute. Dereva wetu alikuwa mtu mzima, glavu nyeupe mikononi, vitambaa vyeupe kwenye viti. Tukiwa kwenye taa, binti akajiwa, akatamka ile sentensi yote kwa sauti ileile ya dada wa Noah: "ETC kādo ga sōnyū sarete imasen."

Dereva akageuka mzimamzima. Akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, akairudia polepole, binti akaitikia neno kwa neno. Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akagusa kidude kidogo chini ya usukani, akachomoa kadi, akatuonyesha, akairudisha. Simu ikatafsiri: kadi ya ETC haijaingizwa. Ni kadi ya kulipia barabara kuu za mwendo kasi, unapita getini bila kusimama. Noah yetu ipo Tabata, Dar, mwaka wa sita sasa, na kila asubuhi inakumbusha kadi ya barabara ilizoziacha kule. Binti alinyamaza njia nzima. Tulipofika akaniuliza kama tunaweza kuinunulia.

MDAU, FUNDI MAGARI, DAR

Kidude hicho hukatwa waya dakika tano tu, wateja wengi huniletea. Na msiojua kwa nini magari haya hutufikia yakiwa mazima: Japani gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi una gharama. Gari likizeeka mwenyewe anaona bora aliuze. Usukani wao ni kulia kama wetu, ndiyo maana linashuka bandarini na kuingia barabarani.

MLETA UZI

Asante fundi. Kwangu halikatwi, watoto wamekataa.

Nara tulikwenda kwa siku moja kutoka Kyoto. Paa wanaachwa huru kwenye bustani, unanunua biskuti zao maalumu, ukiinama nao wanainamisha kichwa. Ficheni karatasi, mmoja alikula ramani yetu nusu, mdogo akalia sana. Hekalu la Todai-ji lina Buddha wa shaba wa mita 15 hivi, mimi mwenyewe nilikosa la kusema.

Pale Nara tulikutana na msururu wa wanafunzi wa ziara, kofia za njano, kila mmoja na chupa yake ya maji. Walipomaliza kula, wakaokota hadi mabaki ya wali, wakatia kwenye mifuko yao, wakaondoka nayo. Mapipa ya taka barabarani ni machache sana, mengi yaliondolewa baada ya shambulio la gesi ya sarini kwenye treni za Tokyo mwaka 1995, na watu wakazoea kurudi na taka nyumbani. Nilimweleza mama kwamba shuleni kwao wanafunzi husafisha madarasa wenyewe. Akaniambia, "Hata mimi niliwafundisha ninyi hivyo, zamu ya kufagia, zamu ya maji. Ninyi ndio mnaopeleka watoto shule za kulipia ambako wanafagiliwa." Sina cha kumjibu mpaka leo. Tumeanza zamu nyumbani.

Usiku huohuo mdogo alipoteza glavu moja karibu na hoteli. Asubuhi tukaikuta imevishwa kwenye nguzo ya uzio, usawa wa macho ya mtoto, imenyooshwa vidole.

Hiroshima. Nataka niseme hili kwa uangalifu kwa wenye watoto. Mdogo hatukumwingiza makumbusho, alibaki na mama yake bustanini. Niliingia na mama na binti wa miaka 10, baada ya kumwandaa usiku uliotangulia. Agosti 6, 1945, saa 2:15 asubuhi. Kuna baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wa miaka mitatu, imeungua na kushika kutu. Baba yake aliizika pamoja naye, ikafukuliwa miaka mingi baadaye. Mama yangu alisimama pale muda mrefu, akavua kitambaa cha kichwani akakishika mkononi. Binti hakulia mle ndani. Alilia nje, kwenye mnara wa watoto wenye sanamu ya Sadako Sasaki, aliyekuwa na miaka miwili bomu lilipoanguka, akafa kwa saratani ya damu mwaka 1955 akiwa na miaka 12, akikunja korongo wa karatasi. Tulikaa kwenye benchi akakunja wake mmoja, mbawa zikapinda, akauacha pale pamoja na maelfu ya wengine. Kiingilio kwa mtu mzima kilikuwa yeni 200. Mtoto wa chini ya miaka 9 au 10 mimi nisingemwingiza.

MDAU, MWANZA

Manunuzi mkuu. Wife amenituma niulize.

MLETA UZI

Haya, kwa kifupi. Makoti msinunue Dar kwa bei mbaya. Kuna maduka ya mitumba kama 2nd Street, nguo zimefuliwa, zimepangwa kwa saizi, tulivaa familia nzima kwa bei ya koti moja jipya. Kwenye maduka ya Daiso vitu vingi ni yeni 100, na kodi inakuwa 110. Tokyo kuna mtaa wa Kappabashi, karibu na Asakusa, wanakonunua wenye migahawa: visu, vyungu, bakuli. Mama watoto alinunua kisu kimoja, na kisu kinakwenda kwenye begi la chini ya ndege. Vyombo vya umeme acheni, wao wanatumia volti 100 na sisi 230. Jiko la wali zuri ulilobeba kilomita zote hizo litaungua siku ya kwanza.

Kodi ya mauzo ni asilimia 10, vyakula 8. Mtalii husamehewa kwa manunuzi ya kuanzia yeni 5,000 akionyesha pasipoti dukani, ndivyo tulivyofanya. Kuanzia Novemba 1, 2026 utaratibu unabadilika: unalipa kodi dukani kisha unarudishiwa unapoondoka nchini, kwa hiyo mtakaokwenda baada ya hapo wahini uwanjani. Tipu hakuna, msiache hela mezani, watawakimbiza kuwarudishia.

MDAU, NAIROBI

Ukirudi tena utabadilisha nini?

MLETA UZI

Tokyo ningepunguza usiku mmoja niupeleke Kyoto. Fushimi Inari, lile hekalu la Kyoto lenye maelfu ya mageti mekundu, ningekwenda tena saa 12 asubuhi kama tulivyofanya. Pako wazi saa zote, bure, na watoto walikuwa wameshaamka usiku wa manane hata hivyo. Mama ningemwombea kiti cha magurudumu viwanjani tangu siku ya kukata tiketi.

Mnaoniomba ratiba ya viza PM (kwa ujumbe binafsi), nitaipandisha hapa Jumamosi nikishafuta namba za pasipoti.